Majina Niliyoandika Bila Kuona

Kabla sijajua kwamba macho yangu yanakwisha, nilidhani nimekuwa mzembe tu. Nilimwaga chai kando ya kikombe. Niligonga bega kwenye mlango wa ofisi, mlango ule ule niliokuwa nikiupita kwa miaka kumi na miwili. Wanafunzi walinisalimu wakiwa ubavuni mwangu nikawapita bila kujibu, na mkuu wa shule, ambaye kwetu tunamwita prefe, akaniuliza siku moja kama nimeanza majivuno.

Jina langu ni Mapendo. Nilizaliwa Kashebere, upande wa Walikale, nikaolewa Bihambwe, upande wa Masisi, na hapo nilikuwa sekretari wa shule ya sekondari. Barua za shule, ripoti, karatasi za mitihani, zote zilipita kwenye vidole vyangu. Nilijifunza kuandika kwa mashine ya chuma, bila kutazama herufi, na mama aliyetufundisha alitufunika mikono kwa kitambaa. Wakati ule tulicheka. Ninaandika sasa, mabaya makubwa yakiwa yamepita, kwa sababu sikupata mtu wa kuniambia mambo mawili matatu ambayo yangeniepusha na hasara moja isiyolipika. Ugonjwa wenyewe daktari atakueleza. Mimi nitasema yale mengine.

Mume wangu, Bahati, ndiye aliyenipeleka Goma. Kwenye kliniki ya macho watu hukaa kwenye mabenchi kwa kufuatana. Mmoja akiitwa, wote mnasogea nafasi moja. Mnawekewa matone yanayopanua mboni, kisha mnangoja, na kadiri mnavyongoja ndivyo mwanga unavyochoma, hata kila mtu akawa ameinamisha kichwa na kufunika paji la uso kama waliofiwa. Mama mmoja wa Mushaki alikuwa na maziwa kwenye kidumu. Alitumiminia mmoja mmoja kwenye kifuniko, sisi benchi zima tusiojuana, akisema tu, "Shika, mama. Kunywa." Mpaka leo nikisikia neno kliniki, ladha inayokuja mdomoni ni ya yale maziwa.

Daktari alikuwa msichana mwenye sauti ya polepole. Akasema ni tansio ya macho, presha ya ndani ya jicho. "Jicho la kushoto limekwisha kuondoka, mama. Hili la kuume tunaweza kulichunga kwa dawa, asubuhi na jioni, bila kuruka hata siku moja. Lakini kile kilichokwenda hakirudi."

Njiani kurudi Bihambwe, Bahati alizungumza habari ya dawa tu. Mimi nilizungumza habari ya hakirudi. Tulikuwa tumetoka chumba kimoja, kila mtu amesikia sentensi yake.

Kuanzia hapo nilihesabu miezi kwa vichupa. Kichupa cha kwanza, tulipanda maharage. Cha tatu, tukayavuna. Cha tano kilikuwa karibu kukauka mapigano yaliposogea na barabara ya Goma ikafungwa. Watu wa vilima vya chini walipita mbele ya nyumba yetu wakiwa na magodoro kichwani, na siku ya pili yake na sisi tukabeba letu, tukaenda Masisi mjini kwa shemeji yangu. Niligeuza kichupa juu chini, nikakikamua, nikaweka maji kidogo ndani nikatikisa. Ilipofika siku ya kumi bila dawa, maumivu yalikaa nyuma ya jicho kama msumari, na taa ya shemeji ikawa na duara la rangi kuizunguka. Bahati alitembea kituo hadi kituo kuuliza dawa. Kila mahali waliitika vizuri, wakafungua makabati, wakayafunga.

Barabara ilipofunguka, Goma wakanifanyia operesheni. Walipotoa bandeji niliona koti la muuguzi kama ukungu mweupe. Nilifurahi kwa ukungu ule. Msimu wa pili wa maharage ulipoanza, ukungu ulikuwa umejaa pote, na maharage yalipotoa maua hata ukungu haukuwepo. Watu hupenda kuniuliza kitu cha mwisho nilichokiona ni nini. Wanataka niseme uso wa binti yangu Esther. Kilikuwa kidumu cha njano karibu na mlango.

Mwili ulibadilika kwa namna ambazo hakuna aliyenionya. Miguu yangu, kutoka goti hadi kifundo, ilijaa makovu ya viti na mawe. Vidole viliungua. Nilinenepa kwa kukaa, halafu nikakonda kwa kutotaka kula mbele za watu, maana mchuzi ulinidondokea kifuani na kila mtu akanyamaza kwa adabu. Usingizi ulikuja saa nne asubuhi. Shingo iliniuma kwa sababu nilikuwa nageuza sikio mbele kama kuku.

Mama mkwe wangu alinipeleka kwenye maombi siku tatu, tukifunga. Mchungaji alitaka nitaje niliyemkosea. Nilitaja wote niliowakumbuka. Siku ya tatu mama mkwe aliniambia, "Fungua macho, mutoto wangu, jaribu." Yalikuwa wazi muda wote. Nilimsikia akilia, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikamshika mkono mimi.

Na Bahati? Bahati alifunga kamba ya mbuzi kutoka mlangoni hadi chooni, akaweka fundo pale penye ngazi, ili nisimwombe mtu. Hakuniambia, niliigusa tu asubuhi moja ikiwa imenyooka. Mtu huyo huyo, wiki ile ile, nilimsikia nje akimwambia ndugu yake, "Sina muke tena, kaka. Niko na mutoto mwingine wa kulea." Yote mawili ni kweli, na mimi nimeishi na yote mawili. Ukiwa mgonjwa, usimhukumu anayekutunza kwa neno moja. Wala usijidanganye kwamba halikuuma.

Prefe alimweka sekretari mwingine, kijana mzuri aliyekuja mwenyewe kuniaga. Ile laptopu ya zamani niliyoitumia shuleni nikaachiwa, kwa kuwa hakuna aliyeitaka. Ilikaa chini ya kitanda.

Kwenye miadi moja ya Goma nilisikia, upande wangu wa benchi, sauti ndogo ikizungumza Kifaransa haraka haraka, kama redio iliyokimbizwa.

"Papa, nani huyo anaongea?" nikauliza.

"Iko simu yangu," akajibu mwanamume. "Inanisomea. Mi sioni tangu nikiwa na miaka saba."

Alijiita Papa Safari. Alikuwa akiwafundisha wasioona. Nilipomwambia kazi niliyokuwa nikiifanya, aliuliza swali moja tu: "Na vidole bado vinajua herufi?"

Sikuwahi kujiuliza. Niliweka mikono juu ya mapaja yangu nikaandika jina langu kwenye kitambaa cha sketi. Vidole vilijua.

Miadi iliyofuata nilikuja na laptopu. Papa Safari aliweka ndani yake programu ya kusoma skrini kutoka kwenye flashi. Akasema ni ya bure kabisa, na walioianzisha ni watu wasioona kama sisi. Ukibonyeza herufi, inaitaja. Ukisogea, inasema uko wapi. Sauti yake ilikuwa ya Kifaransa, kwa hiyo Kiswahili ilikisoma vibaya sana, lakini herufi moja moja nilizisikia sawasawa. Muuguzi akaniita kabla hatujamaliza. Papa Safari akasema, "Enda kujizoeza nyumbani. Mengine tutafundishana." Ndivyo tulivyoachana, na hatukuonana tena kwa muda mrefu.

Katika kiangazi ujumbe ulifika kutoka Kashebere: baba anaumwa kifua, anakuita. Na anasema uje na mashine yako.

Nilijua anataka nini. Baba yangu alikuwa mwindaji na mkulima wa msituni, shemasi wa kanisa kwa miaka mingi, ingawa hakuwahi kuingia msituni bila kuacha jani la njia la kuwaheshimu wahenga, kama baba yake alivyomwonyesha. Nilipokuwa mtoto mchanga familia yetu ilikimbia vita, ikakaa msituni msimu mzima wa mvua. Watu kumi na tisa wa ukoo wetu walibaki huko. Baba ndiye aliyewazika, yeye na kaka zake, na kaka zake walikuwa wamekwisha kufa. Alijua kila aliyezikwa, jina lake, na mto au mti uliokuwa karibu. Kwa miaka mingi nilimwahidi kwamba nitakuja kuandika. Nilipokuwa na macho sikupata nafasi.

Bahati alinipandisha kwenye pikipiki, laptopu imefungwa kifuani kwangu na kitenge. Kupanda milima bila kuona ni kama kutupwa na kudakwa, kutupwa na kudakwa. Nilijua tumeingia Walikale kwa ubaridi wa miti.

"Mapendo," baba akasema nilipomgusa. "Walisema hauoni. Mi nilizani ni maneno."

"Ni kweli, baba."

Alinishika vidole. Kisha akasema, "Basi mi nitakuwa macho, weye utakuwa mikono."

Kwa siku tisa tulikaa kwenye baraza lake, asubuhi mpaka jua likichoma. Alisema polepole, akikohoa, nami niliandika. Kila herufi ilitajwa na ile sauti ya Kifaransa. Baba aliicheka: "Huyu muzungu wako anarudilia kila kitu." Nilipofungua programu ya kuandika, kwenye karatasi tupu ya barua za shule niliyoizoea, kila siku ilitokea dirisha dogo lenye maneno marefu, sauti ikayasoma haraka nisielewe, nikabonyeza ile ya kukubali kama nilivyozoea kufanya enzi za macho. Mwisho wa siku nilibonyeza ya kuhifadhi. Dirisha lingine, nikakubali tena. Kurekodi sauti yake sikufikiria hata kidogo. Nilikuwa sekretari. Kazi yangu ni kuandika.

Siku ya nane alifika kwa mtoto mchanga wa mke wa kaka yake. Walikuwa wamempa jina siku mbili tu kabla hajafa. Baba alilitaja jina, akakohoa juu yake, akalitaja tena. Nililiandika.

Siku ya tisa alisema, "Imeisha. Sasa niko mwepesi." Alikufa kabla mvua hazijaanza.

Kwenye matanga, mbele ya watu wengi, wazee walitaka yasomwe aliyoyasema. Kaka yangu Anselme alichukua laptopu, akaiweka magotini. Nilimwelekeza faili iko wapi. Nilisikia vidole vyake, kisha nikasikia vimesimama.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, "hapa hakuna kitu."

"Angalia vizuri. Ni kurasa nyingi."

"Iko jina la shule juu, tarehe ya zamani. Chini yake ni nyeupe. Dada, ni nyeupe yote."

Alitafuta kila mahali. Mwalimu mmoja aliyekuwepo akasogea, akasoma lile dirisha dogo, akaeleza kwa huruma. Programu ya kuandika iliyokuwa kwenye mashine ilikuwa ya kununua, na muda wake ulikuwa umekwisha. Tangu hapo ilikuwa inakubali kusoma maandishi ya zamani tu. Haikupokea herufi mpya hata moja. Ile sauti ilikuwa inanitajia vidole vyangu vinabonyeza nini. Haikusema kwamba karatasi imepokea.

Hakuna aliyenilaumu, nami ningependa wangenilaumu. Wazee walisema, "Ni ugonjwa, mama, siyo weye." Watu wakarudi kwenye nyimbo. Nilikaa na laptopu imefungwa mapajani, na nilichofikiria ni kwamba alikufa akiamini yameandikwa. Sijui mpaka leo kama hilo ni la kushukuru au la kulilia. Siku nyingine ni hili, siku nyingine lile.

Mvua zote za mwaka ule sikugusa mashine. Jicho la kuume, ambalo halikuwa na kazi tena, lilianza kuuma peke yake, na ni maumivu hayo yaliyonirudisha Goma kwenye benchi. Papa Safari alinitambua kwa sauti nilipojibu jina langu. Nilimweleza yote, hapo hapo, watu wakisikiliza. Tulisogea nafasi mbili.

"Nilikupa sauti, sikuangalia karatasi," akasema. "Ni kosa yangu. Mi njo nilipashwa kuangalia."

Tulipotoka kwa daktari hakuniacha niende. Bahati alituongoza sote wawili, mmoja kila mkono, hadi chumba anachofundishia, na siku mbili nzima tulitafuta programu ya kuandika. Sitaji majina yao, maana mambo haya hubadilika kila mwaka, nitakwambia tulivyozijaribu. Ya kwanza ilikuwa ya bure lakini ilitaka intaneti wakati wote, na Bihambwe intaneti huja na kuondoka kama mgeni. Ya pili ilifunguka bila shida, ila kila nilipobonyeza mshale, ile sauti ilisema "dirisha, dirisha" kwa Kifaransa chake, basi. Ningeweza kuandika humo mwaka mzima nisijue nilichoandika. Nikaanza kulia kwa hasira. Bahati, aliyekuwa amekaa mlangoni tangu asubuhi, akasema, "Mama Esther, bado moja. Jaribu hiyo."

Ya tatu ilikuwa ya bure, ya kuweka mara moja na kutumia bila intaneti, isiyo na muda wa kwisha. Papa Safari alinizuia nisifurahi. "Andika sentensi moja. Hifadhi. Funga yote. Fungua tena. Sasa rudi na mshale, usikilize." Niliandika, nikafunga, nikafungua, nikabonyeza mshale wa juu. Na sauti, ambayo safari hii alikuwa ameibadilisha ikawa ya Kiswahili, ya mtu aliyebanwa pua, ikasema, "Baba yangu alikuwa mwindaji wa Kashebere."

Hilo ndilo jambo ninalotaka ulichukue, wewe uliye kwenye benchi leo. Kutajiwa herufi hakutoshi. Funga, fungua, rudi nyuma na mshale. Kama maneno yako hayakurudi masikioni mwako, hayapo, hata kama uliyasikia yote. Na dirisha ambalo hukulielewa usilikubali. Mwombe mtu alisome polepole. Ukipata programu ya bure inayorudisha maneno yako, usione aibu kwamba ni ya bure.

Niliporudi nyumbani niliandika nilichokumbuka. Kumi na mawili yalikuja, mengine katikati ya kumenya viazi. Bahati alisikiliza sauti ikiyasoma, akaanza kuniuliza habari za watu hao, mmoja mmoja, walikuwa nani kwangu. Ilikuwa zaidi ya mwaka hatujakaa hivyo. Shangazi Nyota, dada mdogo wa baba, ambaye wakati wa msitu alikuwa ameolewa mbali, alinipa mawili aliyowahi kuyasikia. Kumi na manne. Matano yamekwenda. La yule mtoto mchanga nimelitafuta mpaka kichwa kikaniuma. Ninamsikia baba anakohoa, ninamsikia analirudia, na jina lenyewe silisikii.

Siku ya kuweka msalaba kwenye kaburi la baba tulirudi Kashebere. Safari hii wazee hawakuomba kusomewa. Niliomba mimi. Anselme aliishikilia laptopu mbele yangu, nikaongeza sauti hadi mwisho, nikaanza kushuka kwa mshale, mstari mmoja jina moja, na mto au mti wake. Watu waliitikia kila jina. Kwa wale watano nilikuwa nimeacha mstari mtupu kwa kila mmoja, mahali pake, kwa mpangilio alioufuata baba. Sikuwa nimefikiria programu itafanya nini ikifika hapo. Ilifika, ikasema, "Tupu."

"Inasema nini?" akauliza Shangazi Nyota.

"Inasema mstari hauna kitu, shangazi."

"Mustari gani?"

"Wa yule mtoto wa mke wa kaka yenu."

Nilimsikia akisimama, fimbo yake ikitafuta ardhi.

"Hapana," akasema. "Ambia iyo mashine hapana. Pale iko muntu."

Watu wakaitikia kama walivyoitikia wengine wote. Nikangoja wamalize, kisha nikabonyeza mshale.